Mpagazi wa Ukoo wa Bi Thuraya

Mvua iliposomba reli ya kwenda Kigoma, stesheni nzima ya Tabora ilisikitika isipokuwa Kasimiri. Yeye alimshukuru Mungu, akarudi kwake Isevya kupiga pasi kaptura yake.

Katika behewa la daraja la kwanza walikuwa wamekwama watalii wa Kiingereza, wazee wenye kofia za jua na kamera shingoni, hawana la kufanya mchana kutwa. Kasimiri naye alikuwa na lake. Mzee mmoja wa Igalula alikuwa amekataa kumwoza binti yake, Pelagia, mpaka Kasimiri aje na baiskeli. "Maneno ninayo ya kutosha hapa nyumbani," mzee alimwambia.

Kwanza akapitia kwa Bi Thuraya, mjane wa ukoo wa Kiomani, aliyeishi katika nyumba kongwe yenye mlango wa nakshi na paa linalovuja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unataka nini, Kasimiri?"

"Nakuletea wageni. Wewe kaa barazani, usiseme neno, uonekane mwenye huzuni. Nitawaambia wewe ni binti wa wakuu wa misafara, enzi imekupita. Watakachotoa, robo yako."

"Kunyamaza nitaweza," akasema Bi Thuraya. "Na huzuni nimeshaanza kuipata kwa hiyo robo."

Watalii wakaongozwa. Kasimiri alikataa kulipwa mapema, akasema muungwana hupokea mwisho wa safari. Bwana Hargreaves, mkuu wao, alipendezwa sana, akasema jioni atakula kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na atamsifu kijana huyu.

Wakaoneshwa jiwe ambalo juu yake wapagazi wa kale walikufa kwa uchovu. Jana yake tu jirani yake Apolinaria alikuwa akifulia mashuka juu yake. Bibi mmoja akatoa leso, akalia. Wakaoneshwa soko la pembe za ndovu, nalo lilikuwa zizi. Mbuzi waliokuwamo hawakukanusha.

"Na wewe umeyajuaje yote haya?" akauliza Bwana Hargreaves.

Uongo mtamu una hatari ya kuongezwa sukari. "Babu yangu," akajibu Kasimiri, mkono kifuani, "alikuwa mkuu wa wapagazi wa bibi mtakayemwona. Ukoo wetu unautumikia ukoo wake mpaka leo."

Barazani, Bi Thuraya aliwatazama wageni kwa huzuni iliyokamilika. Kisha akafungua kinywa, akasema Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza safi, cha miaka aliyolea watoto wa daktari kule Mombasa, wala Kasimiri hakujua kuwa anacho.

"Karibuni nyumbani. Natumaini mtumishi wangu hakuwachosha. Kama alivyowaeleza, huu ni utumishi wa kurithi. Kwa desturi yetu, zawadi hukabidhiwa bibi wa nyumba. Mtumishi akishika fedha, kwao ni aibu."

"Sivyo?" akauliza Bwana Hargreaves, akimgeukia Kasimiri kwa heshima kubwa.

Kasimiri akapiga hesabu. Akikana, basi babu ni uongo, jiwe ni uongo, na Bwana Shauri atasimuliwa yote mezani jioni hiyohiyo.

"Ndivyo," akasema. "Aibu kubwa."

Bi Thuraya akapokea zawadi. Halafu, kwa machozi ambayo hakuna aliyemfundisha, akawauzia sanduku la mninga lenye njumu za shaba.

"Atawabebea yeye mpaka stesheni," akasema. "Kichwani, kama babu yake. Na huwa anaimba."

Kasimiri hakuujua wimbo wowote wa wapagazi. Alipita katikati ya mji na sanduku kichwani, akiimba wimbo wa Noeli wa kanisani kwao kwa Kinyamwezi, huku wanaomjua wakitoka madukani kumtazama. Nyuma, kamera zinalia. Yule bibi mwenye leso akasema hajapata kusikia sauti yenye uchungu wa kweli kama ile.

Aliporudi, shingo imekakamaa, Bi Thuraya alimmiminia kahawa.

"Bibi, na mimi je?"

"Wewe una robo, mwanangu. Si wewe uliyeona robo inatosha?" Akamsogezea kashata. "Keshokutwa kuna treni ya Mwanza. Uwalete wageni wake. Jiwe lile ni zuri, usilibadilishe."

Kasimiri aliichukua kashata, akaitafuna. Mwisho akauliza kama nyumbani humo hakuna sanduku dogo zaidi.