Dakitari wa Maji ya Kahendero

Nobert alipofika Kahendero, kijiji cha wavuvi, hakuona ziwa, aliona mfuko wa pesa. Ufukweni Ziwa George lilikuwa limevaa utando wa kijani mzito kama uji. Mbuzi wawili wa mama mmoja, Feresita, walikuwa wameunywa, wakafa. Watu wa ofisi ya serikali walikuja 2011, wakaja tena 2013: walijaza chupa, wakala samaki, wakaenda na chupa zao. Mtu aliyesahauliwa namna hiyo humpa mkono tapeli yeyote mwenye koti jeupe.

Nobert alikaa siku mbili akinywa chai na kutazama. Asubuhi kijani kilijazana ufukweni. Saa saba upepo ulikirudisha katikati ya ziwa. Siku ya tatu, saa nne, akavaa koti, akamwaga bluu ya kufulia majini na kunong'ona Kilatini alichokitunga njiani. Saa saba, maji meupe!

"Dawa imeshika!" akapaza sauti Yafesi, mwenyekiti wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Bei ilikuwa magunia manne ya samaki aina ya ngege, waliokaushwa, jasho la wanawake mwezi mzima. Moja lingebaki kwa Yafesi, kimyakimya.

Feresita, aliyekausha samaki hapo tangu usichana na kuujua upepo ule kama mumewe, akachota kikombe.

"Dakitari, huku kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Onja."

"Aa mama, dakitari hanywi dawa ya mgonjwa!"

"Basi tumeelewana," akasema Feresita, mpole kupita kiasi. "Samaki hawajakauka. Rudi Ijumaa, tutakufungia wenyewe."

Siku nne wanawake walikokota kijani kwa vyandarua vikuukuu, wakakianika, wakakishindilia katika magunia manne. Juu wakapanga ngege wachache wanene, kama mgombea anavyopanga ahadi.

Ijumaa Nobert alifunga magunia matatu kwenye pikipiki yake, akaenda soko la Bwera akiimba. Wivine, mchuuzi kutoka Kongo, ng'ambo ya mpaka, akazamisha mkono hadi kiwiko, akautoa wa kijani.

"Docteur, hii iko samaki ao iko mavi ya ng'ombe?"

"Iko... dawa, mama."

"Dawa? Onja kwanza, nione!"

Soko zima likaja kuona.

Ngege wa kweli wanawake waliwauza Kasese Jumamosi. Gunia la nne liko chini ya kitanda cha Yafesi. Linanuka, naye hathubutu kuuliza. Na siku wakiandika nani amewahi kuondoa kijani ziwani, wasiandike ofisi. Waandike Nobert: magunia matatu, kwa pikipiki yake, kwa mafuta yake mwenyewe.