Jinsi Nilivyomwokoa Ng'ombe Wangu Bihogo

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Izigo.

Leo mimi, Kagaruki, nimemaliza deni la nyumba hii. Lote. Nimelipa kwa mkono wangu mwenyewe na kikundi kizima kimenipigia makofi.

Sawa. Sijalipa. Nimeandika tu nione linavyopendeza. Linapendeza sana. Ukweli ni kwamba leo tumekaa, mimi na mke wangu Anatolia, kupanga namna ya kulipa. Lakini aliyeanzisha mazungumzo ni mimi. Nilimwuliza sukari iko wapi.

Akasema sukari imefutwa. Bajeti ikaanzia hapo.

Mambo yako hivi. Mwaka jana upepo uliezua jiko. Anatolia akakopa kwenye kikundi cha akina mama, tukanunua mabati mapya. Sasa zimebaki laki mbili, na mwisho ni Jumamosi ya tarehe thelathini. Tusipolipa, kikundi kinamchukua Bihogo, ng'ombe wetu mwekundu. Ndiye tuliyemweka dhamana. Bihogo akiondoka hakuna samadi, na pasipo samadi migomba itakonda kama mimi. Halafu jioni nitazungumza na nani? Anatolia huninyamazisha. Bihogo hutafuna na kusikiliza.

Mwenyekiti wa kikundi ni Magdalena, mke wa jirani yangu Kahigi. Siku hizi Kahigi anakuja kila asubuhi na maganda ya ndizi kumlisha Bihogo. Anasema ni ujirani. Anamzoesha, mwizi huyu.

Hiyo bajeti Anatolia kaipata kwa binti yetu Hellen, anayekaa Kibeta, Bukoba mjini. Kila shilingi inatajwa kabla haijatumika, na wote wawili lazima tukubali. Yeye amejifutia kitenge cha Krismasi na michango ya harusi mbili. Mimi nimejifutia sukari, betri za redio na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya Jumapili. Yaani nimefutiwa. Nikajaribu kupenyeza elfu tano za dawa ya mgongo. Akauliza unauma wapi. Nikashika kiuno. Akasema, waitu Ta Kagaruki, jana ulishika bega, na dawa yenyewe inauzwa kwa Joviana, kwenye kibuyu.

Nilisoma hadi darasa la nne. La tano lilinisubiri likachoka. Lakini hata mimi nilijua hapo nimeshindwa.

Adhabu ya kuvunja bajeti: kuchota maji chemchemi ya bondeni, ndoo kubwa, kwa kichwa. Nimekubali upesi. Nilijua atakayevunja ni yeye.

Jumatano, 6 Novemba

Nimechota maji.

Sikuvunja chochote. Nilipita kwa Joviana, nikanywa kibuyu kimoja, nikamwambia aandike nitalipa. Hakuna shilingi iliyotumika. Nilimweleza Anatolia hivyo kwa utaratibu, kama wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza je, deni la mabati lilianzaje. Kisha akanipa ndoo.

Mzee wa miaka sabini na moja na ndoo kichwani, na njia ya bondeni inapita mlangoni kwa Kahigi. Alikuwa amekaa nje, kama amelipwa kukaa. Akauliza kwa sauti ya huruma kama Ma Anatolia anaumwa. Nikamwambia ni mazoezi, daktari amesema shingo yangu ina nguvu nyingi zinazopotea bure. Akasema daktari huyo angeongeza na mazoezi ya mikono, kwa sababu maji yote yako kwenye shati.

Nilifika na nusu ndoo. Nusu safi kabisa.

Jumamosi, 9 Novemba

Akili yangu inanishangaza mwenyewe.

Senene, wale panzi wetu watamu, wameanza kuanguka. Mtu mwenye mabati, mapipa na taa kali anatega usiku mmoja tu, asubuhi anauza ndoo kwa ndoo. Na sisi mabati tunayo. Yamelala juu ya jiko hayafanyi kazi yoyote! Deni limetokana na mabati, basi mabati yenyewe yalilipe. Sijawahi kusikia bajeti nyepesi kama hii.

Anatolia ameondoka asubuhi kwenda Kibeta na mikungu ya ndizi, Hellen amtafutie wanunuzi. Analala huko. Sikutaka kumsumbua kwa simu.

Nimepanda ngazi, nimeng'oa mabati ya upande mmoja wa jiko. Nimeyasimamisha kwa kuyalaza kidogo, chini nimeweka mapipa. Senene anaifuata taa, anajigonga, anateleza, anaingia pipani. Taa nimenunua mbili kubwa kwa mkopo.

Kahigi akaja kutazama. Alisifu sana. Akaniomba ngazi, na yeye atundike katoto ka taa kake, ka kujifurahisha tu. Akaahidi kunilipa kwa kunitendea hisani yoyote nitakayoitaja, na juu yake sahani ya senene. Nikampa. Mtu anayekaribia kutajirika hanyimi watu ngazi.

Jumapili, 10 Novemba

Nilikuwa sahihi kuhusu senene. Hilo lieleweke.

Walikuja. Walikuja kama mvua, wakazizunguka taa zangu, wakaanza kujigonga. Ndipo umeme wa luku ukaisha. Ule wa mwezi mzima. Giza. Senene wote wa Izigo, niliowaita mimi kwa gharama yangu, wakatazama huku na huku, wakaona katoto ka taa ka Kahigi kakiwaka juu kabisa, juu ya ngazi yangu. Wakaenda.

Baadaye ikanyesha mvua ya kweli. Jiko likajaa maji.

Mavuno yangu: kikombe cha senene, na chura mmoja aliyekuwa anawala. Kahigi amejaza mapipa mpaka akaazima madebe.

Anatolia amerudi mchana na pesa za ndizi zimefungwa kwenye khanga. Akaingia jikoni, akatazama juu, akaona mawingu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama kuna kitu kingine nimekipunguza kwenye nyumba, ajue kabla hajakaa. Nikamwambia kitanda kipo.

Maji wiki nzima. Na mabati nimeyarudisha mwenyewe, nikisimama juu ya meza iliyopandishwa juu ya pipa, maana Kahigi alisema ngazi bado anaitumia.

Alhamisi, 14 Novemba

Jambo baya. Anatolia anaondoka kila asubuhi kwenda kwa Magdalena na kurudi jioni, mikono inamuuma, hasemi alikuwa anafanya nini. Nikiuliza anasema ni shughuli za akina mama.

Najua. Anaombaomba tuongezewe muda. Mke wa Kagaruki kupiga magoti kwenye ua wa Kahigi! Nimekosa usingizi. Mtu anaweza kunicheka mimi, nimezoea na pengine nastahili. Lakini huyu mwanamke nilimwoa kwa baba yake akiwa hajawahi kumwomba mtu chumvi.

Kwa hiyo nimechukua hatua za kiume. Ndizi za kula ni za mke, kahawa ni ya mume. Tangu babu zetu. Kwa hiyo bajeti haiihusu. Nimemwita Muksini, mfanyabiashara wa Muleba, nikamwuzia kahawa yangu yote ikiwa bado kijani mtini. Butura, kama tunavyoiita. Serikali imekataza, ndiyo maana tulinong'ona. Amenipa elfu themanini taslimu. Mwezi wa sita ikiiva atakuja kuichuma yeye. Kila mtu anasema butura ni kujiibia. Wanasema hivyo kwa sababu hawajui kupatana bei. Mimi Muksini alianza na elfu sabini.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeenda Muleba na basi la asubuhi. Nimenunua koti.

Nieleze. Siku ya kulipa, watu watamtazama anayelipa. Mtu akilipa deni kubwa na shati lenye tundu, wanasema ameiba. Akiwa na koti, wanasema kumbe alikuwa nazo siku zote. Koti ni sehemu ya malipo. Ni la kahawia, lina mifuko ya ndani. Nilipita mlangoni kwa Kahigi mara nne nikitafuta kuku. Hatufugi kuku.

Jumatatu, 18 Novemba

Anatolia ameliona koti. Nikasema ni zawadi ya Hellen. Akampigia simu Hellen, hapohapo, akaweka sauti ya nje. Mwanangu wa kumzaa akauliza koti gani.

Nikasema yote. Kahawa, Muksini, elfu themanini. Nikamalizia na lile linaloniuma, kwamba sitaki apige magoti kwa Magdalena. Hapo akaficha mikono yake ndani ya khanga. Nadhani nilimshinda.

Lakini baadaye akasema polepole kwamba ile kahawa ndiyo mwaka wa kesho wote: ada ya mjukuu, chumvi, sabuni, mbolea, na hiyo rubisi yangu. Kwamba ningemwokoa Bihogo mwezi huu na mwezi wa sita tungemwuza wenyewe. Nilikuwa sijafika huko kwenye hesabu. Nilikuwa nimefika kwenye mifuko ya ndani.

Akavaa viatu vya kanisani. Akivaa viatu vile siku ya kazi, kuna mtu atajuta. Akaenda kwa Muksini na pesa zilizobaki na koti langu mkononi. Akamwambia achague: apokee vyote viwili na waachane kwa heri, au waende pamoja ofisi ya kijiji akaeleze amenunua nini mtini. Muksini amechagua koti.

Leo jioni amepita barabarani amelivaa. Linambana mabegani. Nimefarijika.

Ijumaa, 29 Novemba

Kesho ni kesho.

Anatolia hasemi tuna kiasi gani. Anasema mimi nikijua, kitapungua. Nimekaa na Bihogo tangu mchana. Nimemsugua mgongo, nimemtoa kupe, nimemweleza kwamba kwa Kahigi ni karibu na atakuwa ananiona nikipita na ndoo. Kahigi akaja na kamba mpya. Aliitundika kwenye mti wa uani akasema ni ya matumizi ya kawaida. Bihogo akamlamba mkono kwa sababu ya yale maganda.

Sikula. Anatolia hakunichokoza. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 30 Novemba

TUMELIPA. Sasa ni kweli. Nimemwambia Anatolia asome sentensi hii, amekubali ni kweli.

Ilikuwa hivi. Kikundi kilikaa uani kwa Magdalena. Anatolia akasimama, akafungua khanga, akaweka pesa mezani mafungu matatu. Fungu la ndizi za Bukoba. Fungu la sukari, betri, rubisi na kitenge, yaani vyote tulivyojinyima. Na fungu la tatu, kubwa. Magdalena akaanza kucheka kabla hajasema.

Siku zile zote Anatolia hakuomba chochote. Alikuwa ananyonyoa senene wa Kahigi, mbawa na miguu, ndoo baada ya ndoo, kwa malipo. Pesa za Kahigi ndizo zimemlipia Bihogo! Kahigi alikuwa amesimama nyuma, kamba yake ameshaitungua, iko mkononi. Alifanana na mtu aliyevaa suruali kinyume na ndiyo kwanza anaambiwa.

Na wale senene aliwaita nani? Taa ya nani? Nimelieleza hili kwa kila aliyekuwepo. Isingekuwa mimi kumaliza luku kwa wakati unaofaa, wasingehamia kwa Kahigi, na mke wangu asingepata kazi. Makofi yalipopigwa kwa Anatolia, niliinuka nimsaidie kuyapokea. Alinivuta shati nikae, halafu akaliacha, nikabaki nimesimama. Alikuwa anacheka. Ni mzuri, mke wangu, hata mikono ikiwa imevimba. Nimeoa.

Jioni akaniwekea sahani mezani. Senene, waliokaangwa vizuri, ujira wake wa mwisho. Nikala robo sahani kwa furaha ndipo nikakumbuka. Nikanyanyua macho. Alikuwa ananitazama tu, kidevu kwenye kiganja.

Hapa kwetu mke akikuwekea senene mezani, unampa nguo mpya. Huna njia. Baba yangu alitoa, babu yangu alitoa. Na kitenge chake tulikifuta kwenye bajeti.

Nikamuuliza kama bajeti inaruhusu. Akasema hairuhusu, lakini hana haraka, atangoja mpaka kahawa iive. Kungoja mwezi wa sita! Mwanamke aliyemwokoa ng'ombe wangu! Kagaruki si mtu wa kungojewa hivyo.

Kwa hiyo nimepanga. Kesho ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, ibada itakuwa ndefu, atakuwa kanisani mpaka mchana. Kosa la mara ile lilikuwa umeme tu. Sasa nimekopa kwa Joviana pesa za luku ya kutosha, na nitang'oa mabati ya pande zote mbili.

Nimevuka mpaka kwa Kahigi kabla ya giza. Nikamwambia bila kinyongo: jirani, una hisani yangu moja hujailipa. Sahani ya senene nimekusamehe. Nirudishie tu ngazi, kesho asubuhi, mara kengele ya kanisa ikilia.