Nafasi Moja ya Kiwanda cha Mitumbwi

Jumatatu, 3 Februari
Theluji tangu alfajiri. Mama amepangisha vyumba vya juu kwa wanafunzi wa chuo cha biashara, na kuanzia leo mimi, Signe, ni mshauri wao. Hawajaniomba. Chuo kimempa kila mmoja pointi mia za kushindania usaili wa kazi. Anayeweka dau kubwa ndiye anayeitwa na kampuni. Kiwanda cha mitumbwi cha Duluth, mji wa jirani, kimebakiza nafasi moja. Lazima iwe ya dada Linnea, anayesoma nao! Akiikosa atakwenda Texas kwa mjomba, na kitanda cha pili chumbani kwetu kitabaki kitupu. Nimeshamwona akilini akirudi kila Jumapili, nywele zikinukia mbao za mwerezi.

Jumanne, 4 Februari
Mpango umeanza. Nimemwendea Halvor, mpangaji muungwana kiasi kwamba hata kiti akikigonga hukiomba radhi. Nikamwambia dada anaiota Duluth usiku na mchana. Naye alikuwa akiiwazia! Akaona haya, akaapa hataigusa. Rocco, mpangaji mwingine aliyetoka New Jersey, akacheka: eti profesa, mimi umenipangia nini? Nikamshauri benki za Chicago. Akanipigia saluti kwa kijiko.

Jumatano, 5 Februari
Keki ya limau imebaki kipande kimoja. Halvor akakata nusu, dada akakata nusu ya nusu, nami nikakata iliyobaki. Sasa ina unene wa ukucha na hakuna wa kuimaliza. Nyumba yenye adabu! Kisha Halvor akamwambia dada aichukue Duluth. Dada akasema hapana, chukua wewe. Halvor akasema la hasha, wewe. Dada akasema hata kidogo. Mtu aliyelelewa vizuri hukataa mara mbili, hukubali akiombwa mara ya tatu, na ilikuwa inakaribia. Lakini Halvor akaenda kuondoa theluji mlangoni. Si kitu. Nitalala nikitabasamu.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa! Halvor hakuweka dau. Dada naye hakuweka, eti asionekane kampora Halvor. Nafasi imekwenda kwa Rocco kwa dau la pointi moja. Moja! Anasema aliona ni ajabu kitu kizuri kukosa mwenyewe. Kisha akaila ile keki. Dada alicheka, halafu akapanda juu. Nasikia sanduku likiburutwa sakafuni.

Jumamosi, 8 Februari
Simu! Bwana wa kiwanda. Rocco kawaambia kwamba wanayemhitaji hasa ni dada yangu, nao wameongeza nafasi. Je, atafika Jumanne? Dada alikuwa juu anakunja nguo. Nilitamani kusema ndiyo, lakini sikusahau malezi. Nikasema asante sana, hapana, tusiwasumbue. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Akashukuru, akakata.

Nimekataa mara mbili tayari! Nimevuta kiti kando ya simu na kumkataza kila mtu kuigusa. Dada nitamwambia itakapolia tena. Theluji inashuka polepole mno, na nyumba nzima inanukia mwerezi.