Mwizi wa Oksijeni

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi kwenye safari ijayo ya meli ya utafiti ni moja. Tuko wawili. Mimi napima oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya bahari, Bi Miwani wa meza ya pili anapima chumvi. Hadi chupa za kituo cha tano cha kuchotea maji baharini mambo shwari. Kituo cha sita oksijeni yangu imeshuka nusu! Chumvi yake imepanda papo hapo. Akatabasamu. Mtu hatabasamu bure. Huyu ananitilia chumvi kwenye chupa.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimefunga uzi kwenye mlango wa kabati la chupa zangu. Jioni uzi uko vilevile. Mjanja! Kaufungua, kisha kaufunga tena kwa fundo langu mwenyewe. Mke wangu kauliza kama yupo aliyemwona. Hakuna. Ndiyo maana namwogopa.

Jumatano, 6 Machi

Kanuni inasema chupa isifunguliwe kabla ya kupimwa. Aliyeitunga hajafanya kazi na Bi Miwani. Nimefungua zote za kituo cha saba, nikanusa, nikaonja. Chumvi tupu! Ushahidi. Mke wangu kasema ni maji ya bahari, kwani nilitegemea ladha ya chai? Naye nimeanza kumtilia shaka. Lakini nilipopima, oksijeni imerudi juu. Mwizi kaingiwa na woga.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu wa maabara kaniita. Maji ya mita mia sita chini yamepataje hewa kama ya juu? Nilifungua chupa? Nikasema labda panya. Akanieleza polepole kwamba kuanzia kituo cha sita maji ya aina mbili yanakutana, na yale yenye chumvi nyingi yamekaa kilindini hadi oksijeni yake ikapungua. Mpaka huo wanautafuta mwaka wa pili sasa. Bi Miwani kauona. Mimi nimeuonja. Nafasi kapewa yeye. Nimejifungia chooni nikalia.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Miwani kaniletea kreti. Chupa za akiba za kituo cha saba, zimefungwa tangu melini, na hakuna nyingine. Kasema, kaka, pima hizi mbele ya Mkuu saa tisa. Zikitoka sawa, nitakuombea kitanda cha pili melini. Nikamshukuru. Akaondoka. Nikabaki nazitazama. Mtu akushinde, kisha akusaidie? Hapana, kuna jambo. Saa nane na nusu nimezifungua zote. Nilijua tu! Kila moja ina chumvi.