Jino la Kikao cha Shule

Jumatatu, 3 Novemba
Barua kutoka shuleni. Karatasi nene, muhuri wa buluu. Balaa! Kwetu mzazi akiitwa shuleni, ujue mtoto kavunja dirisha au kavunja mtu.

Aliyenisomea ni binti yangu Chiriku, miaka minane, mdomo usiojua kulala. Lugha ya hapa na mimi bado tunaogopana. Alhamisi saa tisa alasiri mwalimu anataka kuniona. Waamue kama Chiriku atahamia darasa la wenzake au atabaki mwaka mwingine kwenye chumba cha wageni wanaojifunza lugha. Alisoma polepole, kisha akaikunja barua mara nne. Akasema mle chumbani yeye ndiye mkubwa kuliko wote, magoti yanagonga meza. Nikamwambia asijali, mama atazungumza nao. Akauliza kwa lugha gani. Nikamwambia akalale. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Jumanne, 4 Novemba
Mpango: kukariri! Baba Chiriku, kabla hajakimbilia zamu yake kiwanda cha mikate, alinifundisha sentensi tatu. Habari za mchana. Mwanangu ni hodari. Asante sana. Nikazibeba hadi kazini, chumba cha kufulia cha hoteli. Shuka moja nakunja, sentensi moja nasema. Kufika shuka la arobaini nilikuwa mzaliwa wa hapa!

Nikamjaribia msimamizi. Nikamwambia mwanangu ni hodari. Akanijibu kitu kirefu, chenye swali mwishoni. Nikasema asante sana. Kumbe aliuliza kama niko tayari kufanya kazi Jumapili.

Jumapili nafanya kazi.

Tatizo nimeliona. Sentensi zangu hazina kasoro. Kasoro ni watu kujibu.

Jumatano, 5 Novemba
Getini nimekutana na Mama Najua. Jina nimempa mimi, ila kalifanyia kazi mwenyewe. Mwanawe yuko shule moja na wangu. Walitutangulia kufika hapa miaka miwili, basi anatembea kama vile shule kaijenga yeye. Akaniambia, shoga, mbona umenyong'onyea kama kuku aliyenyeshewa? Nikamweleza habari ya kikao. Akasema yeye huingia peke yake, tena hao walimu huongea nao mpaka wanaomba wapumzike. Akajitolea anisindikize, anisemee. Ndiyo anisemee, jioni mtaa mzima wajue! Nikamshukuru. Nikasema nimeshajipanga.

Sikuwa nimejipanga chochote. Ila nikipanda ngazi za nyumbani wazo likanishukia. Mwenye jino bovu haulizwi maswali! Nafunga shavu, natikisa kichwa, natia sahihi, naondoka na heshima yangu. Nimetafuta kitambaa, cha njano chenye maua. Nimefanya mazoezi ya kugumia mbele ya kioo. Chiriku akauliza kama nimeumwa na nyuki. Safi sana!

Alhamisi, 6 Novemba
Aibu, aibu, aibu. Naandika huku nacheka.

Nilifika saa tisa kasorobo. Shavu limefungwa, na ndani nimetia pamba ili livimbe. Mwalimu akashtuka, akamwita muuguzi wa shule. Muuguzi akaja na barafu, akaniashiria nifungue mdomo. Nikagumia zaidi. Wakanionea huruma wote wawili. Mambo shwari kabisa.

Mara mlango ukafunguka. Akaingia mama wa makamo, mkoba kwapani, akasema hujambo mwanangu, pole na jino. Kwa lugha yetu! Mkalimani! Kaletwa na shule, bure. Akanieleza kwamba hapa kila mzazi anaruhusiwa kumwomba, ni kuweka alama tu kwenye fomu ya kumwandikisha mtoto. Ile fomu niliyoijaza hapana, hapana, hapana hadi chini, kwa usalama. Nikataka kumpa shikamoo. Ikatoka mmmm. Miezi minane sijasalimiwa kwa lugha yangu ndani ya jengo lenye muhuri. Siku nasalimiwa, nimejifunga mdomo kama gunia la mahindi!

Mwalimu akaanza, mkalimani anafasiri. Chiriku ni mtiifu. Natikisa kichwa kukubali. Hesabu anaziweza. Natikisa kwa nguvu. Lakini darasani hasemi, hata neno moja. Mwalimu anaona heri abaki mwaka mwingine, maana huenda hata nyumbani ni mtoto wa kimya. Je, ndivyo?

Kichwa kikagoma katikati. Mtoto wa kimya? Chiriku? Anayebishana na redio? Kitambaa kikatoka. Pamba nayo ikatoka, ikatua juu ya daftari la mwalimu. Nikamwaga yote kwa pumzi moja. Kwamba anasoma vitabu vya shule kwa sauti mpaka baba yake anasinzia na buti mguuni. Kwamba anamwigiza mwalimu mwenyewe, hadi kikohozi chake. Kwamba lugha ya hapa anaota nayo! Mkalimani alinifuata mbio, anahema. Mwalimu akauliza, basi kwa nini kwake ananyamaza? Nikasema anaogopa kukosea mbele za watu, achekwe.

Sijui hili karithi wapi.

Mwalimu akaitazama pamba. Akauliza jino linaendeleaje. Nikasema limepona. Mkalimani akafasiri bila kucheka, Mungu ampe maisha marefu.

Wakaamua! Kuanzia Jumatatu Chiriku yuko na wenzake hadi mwisho wa muhula, wamwangalie. Atakaa na rafiki mmoja, ataanza kusoma mbele ya watoto wawili watatu tu. Nikatia sahihi. Jina langu likatoka kama njia ya konokono. Lakini ni langu.

Nje kwenye benchi, nani anasubiri zamu yake kwa mkalimani? Mama Najua! Akaniambia kaja kumsalimia tu.

Jumatatu, 10 Novemba
Chiriku kaingia ndani na viatu. Kasema darasani! Asubuhi neno moja: naweza? Mchana maneno sita, kanihesabia kwa vidole. Kuna mtoto mmoja alicheka, naye akacheka, basi ikaisha. Nimemkumbatia mpaka akalalamika.

Na kuna barua nyingine. Kumbe shule huandika hata kwa jambo la heri! Ijumaa ijayo mwalimu ananialika niwasimulie watoto hadithi. Kwa lugha yangu mwenyewe. Mkalimani atakuwa pembeni yangu. Hakuna la kukosea, hakuna la kuogopa. Chiriku ameshalitangazia darasa zima kwamba mama yake anakuja.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeanza kukohoa leo leo, ili Ijumaa ifike kikohozi kimekomaa.