Kiraka Cheupe cha Korido

Jumatatu, 3 Machi

Wameniua. Ijumaa niliiacha programu yangu ya kuchorea ramani ikiwa nzima kabisa kwenye kompyuta. Leo asubuhi nakuta fundi wa kompyuta ameing'oa na kuweka nyingine. Miaka kumi na tisa tumekaa pamoja! Hata kuagana hatukuagana.

Bosi akatukusanya akasema lazima twende na wakati. Akasema pia kwamba daktari wa meno anakuja Ijumaa saa nne kuiangalia ramani ya zahanati yake, na siku hiyohiyo yeye bosi atatangaza mkuu wa chumba cha michoro. Mkuu anahamia meza ya dirishani. Nusura nisimame kushukuru. Nani mwingine? Wachoraji tuko wawili tu: mimi, na binti mmoja aliyeajiriwa miezi mitatu iliyopita. Nimempa jina la Bi Mkato, maana kila kitu kwake ni njia ya mkato: kipanya hakigusi. Anabonyeza vitufe viwili, nyumba inaota paa. Ananiita mzee wangu. Nina miaka arobaini na sita!

Kuna tatizo dogo. Mama mkwe nilishamwambia kwamba cheo hicho nimekipata. Mwezi uliopita. Ilinitoka tu, alipokuwa anamsifia mkwe wake mwingine kwa robo saa nzima. Kwa hiyo Ijumaa sigombei cheo. Nagombea nisiwe mwongo.

Leo nimefuta ukuta mmoja. Mlango ukaondoka nao. Na dirisha. Na sinki la chumba cha pili, ambalo wala sikuligusa. Kwenye programu yangu ukuta ulikuwa mistari miwili, basi. Huku kila kitu kina ukoo, ukimgusa mmoja wanahama wote.

Jumanne, 4 Machi

Ngazi. Siku nzima ngazi!

Nikichora, kisanduku cha njano kinatokea kwenye kona ya chini ya skrini: vipandio havitoshi. Nikiongeza vipandio: ngazi imegonga ukuta. Nikiusukuma ukuta, ngazi inatulia lakini choo kinaanza kulalamika. Kila onyo linakuja na kengele yake. Hadi saa sita mchana nilikuwa na maonyo arobaini na saba, na ofisi nzima imeyasikia.

Bi Mkato akageuka akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana, naipima programu uvumilivu.

Baada ya chakula akili ikanijia. Nimezima sauti. Nimekata kipande cha karatasi, nikakibandika kwa gundi kwenye kona ile ya skrini. Maonyo yote kwisha! Bi Mkato akauliza karatasi ni ya nini. Nikasema ni ya kukinga macho na mwanga. Akasema pole. Sikupenda alivyolisema.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Daktari wa meno ameleta karatasi yake ya maelekezo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Korido iwe na upana wa mita 1.80, kwa sababu viti vyake vya wagonjwa vinaingia vizima na havifunguliki. Korido yangu, baada ya kusukumwa na ngazi, ina 1.55.

Zamani hili lisingekuwa jambo. Ningebonyeza namba, nikaandika 1.80, nikaenda kunywa chai. Nimefanya hivyo kwa miaka, na nyumba zimesimama. Mafundi hurekebisha hukohuko. Lakini programu hii namba haiandiki, inapima! Nimebonyeza mara kumi na nne. Imenikatalia mara kumi na nne, kwa adabu, jambo linalouma zaidi.

Basi na mimi nina ujanja wangu. Nimechora kiraka cheupe kisicho na mpaka, nikakiweka juu ya namba ya programu, na juu ya kiraka nikaandika namba yangu. 1.80. Safi! Huoni mshono. Nimetia viraka sita kwa jumla, ngazi nayo ikapata vitatu.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Akasema watu watapita kwenye korido, hawatapita kwenye namba. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akaniuliza, kwa mara ya nne wiki hii, ni lini nitamwambia mama yake ukweli. Nikaomba chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi ameamua sisi wawili tufanye kazi ndani ya faili moja. Bi Mkato akiingia, si ataviona viraka?

Lakini nimegundua kitu. Ndani ya faili hili mtu anaweza kujimilikisha kuta, na mwingine hawezi kuzigusa mpaka mwenyewe aziachie. Nikajimilikisha kuta zote. Na milango. Na mabomba. Saa tatu asubuhi Bi Mkato hakuwa na uwezo wa kusogeza hata bomba la kunawia mikono.

Saa nane akaja kwenye meza yangu, akaniuliza kwa upole kwa nini nimekataa maombi yake ya kuachiwa kuta. Nikamwambia sijaona ombi lolote. Na ni kweli! Nikaapa mbele ya bosi. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba maombi huja kwenye kona ya chini ya skrini. Nikainua karatasi kidogo, nikachungulia. Maombi kumi na sita. Nikairudisha.

Bosi akaamuru niachie kila kitu, kwa sababu mhandisi amepiga simu anataka nguzo moja isogezwe kidogo. Nikaachia. Bi Mkato akasema ataisogeza yeye kisha atachapisha ramani. Bora, nikaona, nguzo tu, viraka hatavigusa; nikaomba ruhusa mapema nikanyoe nywele. Mkuu wa chumba hawezi kutangazwa akiwa na kichwa kama brashi.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Daktari wa meno alifika saa nne kamili. Mwanamke mfupi, mpole, mwenye macho ya kukagua. Bosi akaitandaza ramani mezani, karatasi kubwa inayonukia wino. Nikajitokeza mbele na kuanza kueleza korido kabla ya kuulizwa.

Daktari akavaa miwani. Akainama. Akauliza mbona korido yake ina namba mbili.

Nikatazama. Mungu wangu! Bi Mkato aliposogeza nguzo, ukuta ulifuata nguzo, korido ikafuata ukuta, na namba ya kweli ikaifuata korido. Viraka vyangu havikumfuata mtu. Vilibaki palepale nilipovibandika. Namba za kweli zote sita zimechomoza pembeni ya viraka, na hapo kwenye korido 1.55 imesimama bega kwa bega na 1.80.

Daktari akauliza ya kwake ni ipi. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba moja ni ya kwenda na nyingine ya kurudi.

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Daktari akasema kiti chake kina mita 1.60, kikienda na kikirudi. Bosi akaenda mpaka kwenye kompyuta yangu na kuibandua karatasi. Maonyo mia tatu na kumi na mawili. Bi Mkato akaketi, akaigeuza ngazi ielekee upande wa pili, na korido ikapata 1.85. Dakika kumi! Choo hakikulalamika.

Mkuu wa chumba cha michoro ni Bi Mkato. Saa nane bosi alishaweka kibao chenye jina lake kwenye meza ya dirishani. Mimi nimepewa kuyasafisha maonyo, moja moja. Yeye akanijia akasema, mzee wangu, Jumatatu tuyaanze pamoja, ni rahisi ukizoea. Alisema vizuri tu, bila kebehi. Niliona aibu. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amekuja. Amevaa nguo zake za harusini. Ameniletea zawadi iliyofungwa kwenye gazeti: kibao cha mbao alichochongesha kwa seremala, kimepigwa vanishi, maandishi makubwa. MKUU WA CHUMBA CHA MICHORO. Akaniambia, mwanangu, nilikuwa nakudharau, unisamehe.

Mke wangu akanitazama. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo kabisa, naapa. Nikasema asante sana, mama.

Akafuta machozi. Kisha akasema Jumatatu asubuhi atapita ofisini akione mezani kwa macho yake. Mke wangu akainuka akaenda jikoni na hajanisemesha tangu hapo.

Si neno. Nimekipima kibao: sentimita thelathini. Kile cha Bi Mkato, nilivyokiona kwa mbali, hakizidi ishirini na tano. Jumatatu nitafika saa moja, niweke changu mbele ya chake. Kitakifunika vizuri, wala hutaona mshono.

Muhimu ni mtu asiisogeze meza.