Usafi wa Kompyuta Kubwa

Jumatatu, 1 Machi 1999
Wiki ya mwisho ya majaribio ya kazi hapa kwenye duka la intaneti, Mtoni. Jumamosi Bwana Apolinari, mwenye duka, atachagua: mie au Clara. Nikikosa, narudi Chanika kupalilia mihogo ya shangazi. Clara anaongea na wateja kama ndugu zake. Mie hata salamu hunishinda. Basi nitamshinda kwa usafi! Jioni nimeichungulia kompyuta kubwa, ile inayohudumia zote. Ndani, orodha ya majina na namba, mamia. Masalia ya wateja! Mama husema chungu kikilala na masalia kinanuka. Nimefuta yote.

Jumanne, 2 Machi
Ajabu. Mteja kaagiza chai, kanywa, kamaliza, ukurasa bado mweupe. Kamuuliza Clara kama intaneti yetu ni ya mkaa. Clara kacheka naye! Bwana Apolinari kalaumu laini. Kasoma ukutani, zilikoandikwa kwa penseli namba za simu za mafundi na wateja wote, kampigia fundi Gaudens. Mchana nachungulia: orodha imeota tena! Nimefuta.

Jumatano, 3 Machi
Nimefuta mara nne. Kadiri ninavyosafisha ndivyo intaneti inavyochechemea. Sielewi! Gaudens kapanda darini, kashuka na utando wa buibui kichwani, kasema waya ni mzima. Clara kaniuliza mbona natoka jasho kama mpika maandazi.

Ijumaa, 5 Machi
Nimefumaniwa, kidole bado kwenye kitufe. Bwana Apolinari hakufoka, ndiyo ikaniuma zaidi. Kaeleza kwamba sie tunaita kurasa kwa majina, lakini kompyuta huzitafuta kwa namba. Ikishauliza namba mara moja, huitunza kwa muda. Nikifuta, inauliza upya huko ng'ambo, jina moja moja, kwa laini yetu hii nyembamba, na wateja wanasubiri. Nimelia. Clara kanitetea! Kasema hajaona mtu mwenye bidii namna hii. Nimezidi kuchanganyikiwa.

Jumamosi, 6 Machi
Alhamdulillahi! Bwana Apolinari katuongezea mwezi, wote wawili. Sharti: nisiguse kompyuta kubwa. Siigusi, wallahi. Nimeelewa kabisa: vya ndani ni hazina, uchafu uko nje. Wamekwenda kula, nimebaki na shukrani zangu. Ule ukuta wa namba za simu ulikuwa mikwaruzo mitupu ya penseli. Sasa unang'aa! Nimeupaka chokaa, mara mbili. Namsikia Bwana Apolinari mlangoni, anasema laini ya intaneti imekatika, anataka kumpigia Gaudens haraka. Simwambii kitu. Aone mwenyewe.